Mwafaka Nao Ni Deni: Barua ya Wazi kwa Walioshika Hatamu

Waheshimiwa,

Nawasalimu nyote mlioko mabungeni, mawizarani, kwenye vyama na kwenye halmashauri. Nawasalimu na ninyi wa upinzani mnaosubiri zamu nje ya mlango, maana siku mkiingia ndani mtaanza kuongea lugha ileile.

Lugha yenyewe ina maneno mawili ambayo nimechoka kuyasikia: hali halisi. Tukiuliza ahadi imefikia wapi, tunajibiwa kwamba hali halisi hairuhusu. Tukiuliza tena, tunaambiwa tuache nadharia. Tukiuliza mara ya tatu, msemaji anakohoa kidogo na kusema suala hilo linafanyiwa kazi. Kwa miaka mingi nimejaribu kuifahamu hii hali halisi, na nimegundua ina tabia moja ya ajabu: haina wazazi. Bajeti iliyonyima hospitali dawa ilipitishwa na watu walionyoosha mikono. Mkataba uliotufunga ulisainiwa na mtu mwenye kalamu na jina. Lakini yakishakamilika, yote yanaitwa hali halisi, kana kwamba yalinyesha usiku tukiwa tumelala.

Sisemi kwamba hali halisi ni uongo. Fedha huisha, kura za bungeni huhesabiwa, na mshirika wenu katika serikali ya mseto anaweza kuamka asubuhi akahamia upande wa pili. Ninachobisha ni kazi mnayoipa. Hali halisi inafaa kutuambia kwamba mbele kuna mto na daraja limekatika, kwa hiyo tuzunguke au tujenge mtumbwi. Haijapewa mamlaka ya kutuambia tunakokwenda. Siku inapoanza kutuchagulia mwisho wa safari, hatuongozwi tena, tunachungwa.

Wala siwaandikii kama mtakatifu. Nimewahi kukaa upande wenu wa meza, ingawa meza yangu ilikuwa ndogo. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya wafanyakazi mahali nilipoajiriwa, na tulikuwa na dai moja tu: mkataba wa maandishi kwa kila mtu, kuanzia fundi mkuu hadi mfagizi. Mara ya kwanza mwajiri alikubali nusu. Tukamcheka. Tulikuwa vijana wenye nyimbo na mabango, tukasema ni wote au hakuna. Mwajiri akanyamaza, akangoja. Haikupita miezi mingi wenzetu wakaanza kurudi kazini mmojammoja, macho chini, na tukapata ile "hakuna" tuliyoitaja kwa midomo yetu. Najua mfano huu mtaupenda. Uchukueni, ni wenu.

Mara ya pili, nusu ilipoletwa mezani, niliipokea. Wenye miaka mitano kazini wapewe mikataba; wafagizi na walinzi wasubiri kwa sasa. Nilisaini kwa mkono wangu na usiku ule nililala vizuri, kwa sababu watu zaidi ya arobaini walikuwa wamepata kitu ambacho asubuhi yake hawakuwa nacho. Mpaka leo naamini sikukosea kusaini. Nilikosea kutoyauliza chochote yale maneno "kwa sasa". Mpaka lini? Nani atakumbusha? Hakuna aliyeandika. Ile "kwa sasa" leo ina umri wa miaka tisa. Na kuna jambo nililiona nikiwa nimechelewa sana: katika chumba kile hapakuwa na mfagizi hata mmoja, wala mlinzi, isipokuwa yule aliyetufungulia mlango.

Tunasema ahadi ni deni, na kila baada ya uchaguzi tunawakumbusha. Mimi naongeza: mwafaka nao ni deni. Mkiahidi kumi mkaleta nne, kwa sababu sita zimekwama njiani, hamjatenda dhambi. Mmelipa nne, na sita zimebaki daftarini. Kulipa kidogo kidogo ni jambo la kawaida kati ya watu wanaoheshimiana. Kinachotukera ni mtu kuchana ukurasa wa daftari, kisha akatuangalia usoni na kusema tangu mwanzo tulidaiana nne.

Ndiyo maana naona ugomvi wa miaka yote kati ya wenye ndoto na wenye vitendo umekaa vibaya. Mnatugawa makundi mawili, waotaji huku na wakomavu kule, halafu mnajiweka kwa wakomavu. Anayeota ndiye anayekumbuka kiasi cha deni. Anayetenda ndiye anayetafuta pa kupata malipo ya mwezi huu. Mkimfukuza wa kwanza, wa pili ataendelea kuwa na shughuli nyingi sana, ila hatajua tena anamlipa nani.

Niwape mfano wa ukurasa uliochanwa. Kiangazi cha 1787, mjini Philadelphia, wajumbe wa majimbo ya Marekani walikaa kuandika katiba. Nchi hiyo ilikuwa imetangaza miaka 11 nyuma kwamba watu wote wameumbwa sawa, na wakati huohuo ilikuwa inamiliki watu. Baadhi ya majimbo ya kusini yaliweka wazi: mkiugusa utumwa, hatuingii. Basi wakaelewana. Katika kugawa viti vya bunge, kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, viti vyenyewe viende kwa mabwana zao. Kuhusu kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, Bunge lisiweze kupiga marufuku kabla ya 1808. Neno "mtumwa" halikuandikwa popote. Wakawaita "watu wengine". Ukiona wanasheria hodari wanakwepa neno la kawaida kiasi hicho, ujue wanajua wanachokifanya.

Tazameni vipande viwili vya mwafaka huo. Kipande cha biashara ya ng'ambo kilikuwa na tarehe, na tarehe ikafika: sheria ya marufuku ilipitishwa 1807 ikaanza kutumika Januari 1, 1808, siku ya kwanza kabisa ambayo katiba iliruhusu. Magendo yaliendelea, ndiyo, lakini yalikuwa magendo. Kipande cha pili, utumwa wenyewe, hakikupewa tarehe. Sensa ya 1790 ilikuta watumwa karibu 700,000. Sensa ya 1860 ilikuta karibu milioni 4. Deni lililoachwa bila tarehe halikukaa tu likingoja, lilizaa. Lilikuja kulipwa kwa vita iliyoua watu zaidi ya 600,000, na ni katika marekebisho ya 1865 ndipo neno utumwa liliandikwa katika katiba hiyo kwa mara ya kwanza, tena kwa kuukomesha.

Wapo wanaosema bila mwafaka ule Marekani isingekuwepo. Huenda. Sina hamu ya ubishi huo. Mimi naangalia viti tu: walioketi na kusema tuvumilie hawakuwa wale waliotakiwa kuvumilia. Ni rahisi mno kuwa mtu wa hali halisi juu ya mgongo wa mwenzako.

Waingereza nao wakafanya lao mwaka 1833. Bunge lao lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Kwa nani? Kwa wamiliki. Walioachiwa, watu wapatao 800,000, hawakupewa hata senti, na wengi wao walitakiwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale chini ya jina jipya la uanagenzi, wengine hadi 1840. Waliokuwa wamepigania ukomeshaji kwa miongo walimeza shubiri. Lakini uanagenzi huo ulikuwa na tarehe ya mwisho, na palipo na tarehe watu wana cha kukamata na kuvuta. Wakaivuta. Agosti 1, 1838, uanagenzi ukaisha kwa wote.

Sehemu ya fidia ndiyo iliyonifundisha zaidi. Serikali ilikopa ili iwalipe wamiliki, na mabaki ya mkopo ule yalimalizwa kulipwa mwaka 2015. Someni tena tarehe hiyo. Deni la wenye mali lilitunzwa kwa miaka 180, likavuka vita kuu mbili za dunia na makarani wasiohesabika, na hakuna aliyelipoteza. Deni la waliofanyishwa kazi bure halikuingizwa daftarini, kwa hiyo halikuwahi kuiva. Msituambie basi kwamba serikali husahau. Serikali hukumbuka vizuri sana kile ilichoandika.

Sasa niwape mfano wa mwafaka wa watu wazima. Mwaka 1974 wanakemia wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi za CFC, zilizokuwa zikitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, zinaweza kulila tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatoa vipimo vyao vya Antaktika: tabaka hilo lilikuwa linapungua vibaya mno kila mwaka majira ya kuchipua. Mwenye ndoto angesema gesi hizo zikome leo. Mtu wa hali halisi, wa ile aina ninayoilalamikia, angesema viwanda vitayumba, tungoje utafiti zaidi.

Itifaki iliyosainiwa Montreal Septemba 16, 1987 haikumsikiliza kwa ukamilifu hata mmoja wao. Ilikubali kupunguza CFC kwa nusu tu, tena kwa hatua, hadi kuelekea mwisho wa miaka ya tisini. Nusu! Kwa ukubwa wa tatizo, nusu haikutosha. Kama ningekuwa kijana yule wa mabango ningeicheka, na ningekuwa na hoja. Ila kwenye karatasi hiyohiyo waliandika kwamba watarudi mezani, kwamba kuanzia 1990 sayansi ipimwe upya angalau kila miaka minne, na kwamba hatua ziweze kukazwa kulingana na vipimo. Nchi zinazoendelea, ambazo hazikuwa zimechafua kwa kiasi kile, zilipewa miaka kumi ya ziada. Mwaka 1990, London, wakarudi kweli: nusu ikageuka kuwa kukoma kabisa ifikapo 2000, na ukaanzishwa mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadili mitambo. Mwaka 1992, Copenhagen, tarehe ya nchi tajiri ikavutwa hadi 1996. Baadaye ikaonekana kwamba HFC, gesi zilizochukua nafasi ya CFC, haziidhuru ozoni lakini zinapasha joto dunia. Hawakukaa kujitetea kwamba uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Walirudi tena mezani, safari hii Kigali, mwaka 2016. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeiridhia itifaki ile, na tabaka la ozoni linapona, polepole kama kidonda cha mzee, lakini linapona.

Watu huisifu Montreal kama ushindi wa matumaini. Mimi nauona kama ushindi wa kifungu kimoja kikavu kinachosema tukutane tena tarehe fulani. Kifungu cha namna hiyo hakiimbiki kwenye mkutano wa hadhara, na pengine ndiyo maana hamkipendi.

Afrika Kusini walikipa jina zuri: kifungu cha machweo. Mwaka 1992, mazungumzo ya kumaliza utawala wa ubaguzi wa rangi yakiwa yamekwama na watu wakiuawa, aliyependekeza kulegeza msimamo alikuwa Joe Slovo, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mlegevu. Alishauri kuwe na serikali ya pamoja kwa muda maalumu, na watumishi wa utawala wa zamani wahakikishiwe ajira au mafao yao. Baadhi ya wenzake walimjia juu. Lakini angalieni neno "muda maalumu". Serikali ya umoja wa kitaifa iliyoundwa 1994 ilipewa miaka mitano. National Party, chama cha ule utawala wa zamani, wenyewe walijitoa 1996, na uchaguzi wa 1999 ukafanyika bila sharti lile. Ukurasa ukafungwa kihalali.

Ardhi ni habari nyingine. Lengo lilikuwa kugawa upya asilimia 30 ya ardhi ya kilimo iliyokuwa mikononi mwa wazungu, ndani ya miaka mitano tangu 1994. Likasogezwa hadi 2014. Mwaka 2014 ukapita na lengo halijafikiwa. Kwa hiyo nakubali, tarehe si dawa. Deni lenye tarehe nalo hupigwa danadana. Ila pale angalau kila mtu anajua kilichoahidiwa, kiasi kilichobaki na kuchelewa kulikoanzia. Mjadala wa ardhi kule haufi, kila serikali inaukuta mlangoni, na naamini sababu mojawapo ni kwamba ile namba 30 iliandikwa.

Kuna mtindo mwingine mnaoupenda, wa funika kombe mwanaharamu apite. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea viongozi wa Tanzania masharti makali: kutokuwa na hisa katika kampuni yoyote, kutopokea mishahara miwili, kutokuwa na nyumba za kupangisha. Watu walitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Mwaka 1991 viongozi wa chama walikutana Zanzibar wakayalegeza masharti hayo. Sitaki kuanzisha upya vita ya ujamaa. Mtu mwenye akili timamu angeweza kutetea kwamba baadhi ya masharti yale hayakubebeka tena. Basi atetee, mchana, kwa sauti. Aseme lipi limeshindikana, kwa nini, na litazibwa na nini ili kiongozi asije akajitajirisha kwa kiti chake. Azimio la kwanza lilikuwa na ngoma na matembezi. Hili la pili sijawahi kukutana na mtu aliyelitembelea hata hatua kumi. Mwalimu Nyerere, akiwa ameshastaafu, alilipinga hadharani, na wengi walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna cha kupingwa.

Msije mkadhani nawatetea waotaji wote. Marekani ilipiga marufuku pombe kwa katiba, kuanzia Januari 1920, kwa nia safi kabisa: kumlinda mke na mtoto wa mlevi. Ikaondoa marufuku hiyo Desemba 1933, baada ya kuwatajirisha wahalifu na kuwazoesha watu wema kuvunja sheria. Aliyekataa kupiga hesabu kwa sababu nia yake ni njema amewatwisha wengine gharama za nia hiyo. Hilo nalo ni deni, na mara nyingi mwotaji halilipi.

Lakini zipo nyakati ambapo ndoto inatakiwa kutangulia, na hapa najua nitawaudhi wengi wa upande wenu wa vitendo. Malawi walipofuta ada za shule za msingi mwaka 1994, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Uganda walifuata 1997, kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Madarasa yakafurika. Watoto wakasomea chini ya miti, mwalimu mmoja akabeba darasa la watoto zaidi ya mia, na ubora ukashuka. Wataalamu wakatikisa vichwa: si tuliwaambia mjenge madarasa kwanza?

Mimi nasema hapana. Barabara inaweza kungoja bajeti ya mwaka kesho na ikabaki barabara ileile. Mtoto wa miaka saba hangoji. Baada ya miaka saba ana kumi na minne, na nafasi yake haipo tena. Pale ambapo kitu kinachosubiri kinaharibika kwa kusubiri, anayesema tujiandae kwanza anaamua jambo, ila anaamua bila kusema. Hata hayo madarasa, nani angeyajenga kama watoto wasingekuwa tayari wamesimama nje? Kosa nililoliona katika nchi nyingi lilikuja baadaye. Mlango ulifunguliwa kwa shangwe, picha zikapigwa, kisha sehemu ya pili ya deni, ya walimu na vitabu, ikaachwa bila tarehe. Miaka ikapita tukiambiwa uandikishaji umepanda. Tunajua umepanda. Tuliuliza wanasoma nini.

Naomba basi mambo machache, na hayahitaji bajeti mpya.

Mnapoleta nusu, iiteni nusu. Msije jukwaani mkaiita mafanikio ya kihistoria, kwa sababu neno hilo ndilo linalochana daftari. Semeni tulitaka hiki, tumepata hiki, kilichobaki ni hiki. Hamjui ni watu wangapi wangewaheshimu kwa sentensi moja ya aina hiyo. Nimekaa na watu wenye msimamo mkali kuliko wangu, na nawahakikishia kwamba wengi wao hawakasirishwi na udogo wa hatua. Wanakasirishwa na kufanywa wajinga.

Andikeni siku ya kurudi mezani. Iwe ndani ya sheria yenyewe, ili hata atakayewarithi, awe rafiki au adui, aikute. Na siku hiyo ikifika mwajibike kusema mbele ya bunge deni limefika wapi, hata kama jibu ni aibu.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, nami nililishindwa. Kabla hamjasaini, ulizeni nani anabaki nje ya hiyo nusu, kisha mumwite aingie chumbani. Si kwa ajili ya picha. Aulizwe kama anaweza kuvumilia, kwa muda gani, na anataka nini badala yake. Huenda atakubali. Watu wa chini huelewa hali halisi kuliko waziri yeyote, wanaishi ndani yake. Lakini kukubali kwake kunakuwa kwake, na uvumilivu uliotolewa haufanani na ule ulioporwa.

Na tafadhali, acheni kutuita waota ndoto kwa dharau. Mnapofanya kampeni mnaziuza ndoto hizohizo. Haiwezekani iwe maono mkiwa jukwaani, ikawa utoto tukiidai ofisini.

Upande wetu pia una kazi. Tumezoea kumwita msaliti kila anayerudi na nusu, na kwa kufanya hivyo tumewafundisha viongozi kuficha. Kama malipo ya ukweli ni kuzomewa, nani atasema ukweli? Mimi naahidi kuacha. Kiongozi atakayeweka daftari wazi mezani, hata likionyesha nne kati ya kumi, sitamzomea. Nitauliza tarehe ya tano. Na sitatawanyika. Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza walipewa kura kwa mafungu: wenye miaka 30 kwenda juu, tena wenye sifa fulani za mali, wakati wanaume walipiga kura wakiwa na miaka 21. Nusu ile haikuwa na tarehe. Wadai hawakurudi nyumbani, na 1928 wakapata haki sawa na wanaume. Mkikataa kuandika tarehe, jueni kwamba sisi wenyewe tunaweza kuwa tarehe.

Nimalizie na daftari langu. Sipo tena kwenye ile kamati, lakini ipo, na mwezi ujao inakaa na mwajiri. Nimeomba nafasi ya kuzungumza kwa dakika kumi kuhusu karatasi ya miaka tisa iliyopita yenye sahihi yangu. Kabla ya hapo nimewatafuta wafagizi na walinzi wa wakati ule. Watano bado wapo kazini, bila mkataba. Mmoja aliponiona alicheka, akaniuliza kama kwa sasa imeisha. Nilimwambia sijui, ila safari hii aingie ndani akae, na mlango nitafungua mimi.

Wenu katika madai,
Mpiga kura